Koili Nne Chini ya Kitanda

Awuor hakuwa na nia mbaya aliposema yale maneno pale bombani. Alikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo miguuni, wanawake wa Bondeni wakipiga soga kama kila Jumamosi, naye akatia lake ili wacheke. Alisema chumba cha jirani yake kimeingiliwa na nyuki.

"Bwana Hiram akitoka kazini anajifungia huko ndani," alisema. "Mara unasikia zzzz, mara kimya, mara zzzz tena. Na ukichungulia kwenye ufa wa mbao unaona kamoto ka buluu kanaruka."

Wanawake walicheka. Awuor akajaza ndoo yake, akajitwika, akaenda zake.

Lakini ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 1953, na Nakuru ya siku hizo haikuwa mji wa kumcheka jirani yako Mkikuyu mbele ya watu usiowajua vizuri. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba. Wakikuyu walipigwa picha za kadi kama wafungwa, hawakuruhusiwa kutoka mjini bila barua ya serikali, na kila wiki lori la polisi lilikuja likachukua wengine.

Lilikuja Bondeni Jumanne, kabla watu hawajanywa chai. Awuor alisikia buti, kisha mlango wa jirani ukipigwa teke. Alipotoka alimkuta Hiram Kang'ethe amekalishwa chini uani, mikono kichwani. Hiram alikuwa fundi wa magari katika gereji ya Mhindi mmoja karibu na reli, mtu mpole wa miaka thelathini na mitano, ambaye watu walimjua zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kusema. Mkewe, Wamuyu, alisimama mlangoni amembeba binti yao Mugure, naye hakulia.

Askari walitoa nje godoro, sufuria, Biblia, sanduku la nguo. Kisha kutoka chini ya kitanda wakatoa betri ya gari, waya, na visanduku vinne vya mbao, kila kimoja ukubwa wa nusu tofali, na juu ya kila kimoja ulimi mdogo wa chuma.

Inspekta alikuwa kijana wa Kizungu ambaye masharubu yake hayakuwa yamekomaa. Alichuchumaa, akagusisha waya mmoja kwenye betri. Kisanduku kikalia zzzz, cheche ya buluu ikaruka. Inspekta akaanguka kwa matako, na askari mmoja akalala kifudifudi mavumbini. Hakuna aliyecheka.

"Hii nini?" Inspekta aliuliza alipoinuka.

"Koili, Bwana. Za kutoa cheche za lori."

"Lori iko na koili moja tu. Mimi najua gari. Hii wewe natengeneza ya kulipua reli."

Awuor alikuwa ameshika nguzo ya mlango wake. Ile zzzz ilipolia aliitambua. Alikumbuka foleni ya maji, akakumbuka sura zilizokuwa zikicheka, na mbili kati ya sura hizo hakuzijua ni za nani. Aliingia ndani akafunga mlango. Siku nzima hakumwambia mtu, hata mumewe Dalmas aliporudi kutoka stesheni, alikokuwa akibadilisha njia za treni.

Jumatano jioni Wamuyu alikuja. Alikuwa ameruhusiwa kumpelekea mumewe chakula kituoni, akaongea naye kupitia waya wa seng'enge, kwa Kiswahili, kwa sababu sajini aliwakataza wasiongee lugha asiyoielewa.

"Mama Joash," alisema, akimwita Awuor kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "nataka uniskize mpaka mwisho, halafu ndio useme."

Awuor alimpa kigoda. Wamuyu hakukaa.

"Zile koili ni za lori la Kipkemei, yule Mtugen mwenye ploti kule Rongai. Ni lori la zamani sana, siku hizo mimi na wewe tulikuwa hatujavaa nguo. Kila silinda ilikuwa na koili yake, nne, ndani ya sanduku la mbao. Moja ilikufa, lori likawa linachechemea, halipandi mlima na magunia. Koili kama hizo hazipatikani tena. Baba Mugure akazitoa zote nne, akaweka moja ya siku hizi, ya mkebe, na distributa ya kugawa cheche, aliyoitoa kwa gari lililopinduka. Zile za zamani Kipkemei akamwachia. Akawa anazijaribu hapa nyumbani aone ni gani nzima."

"Basi si mwenye gereji aseme hivyo?"

"Kazi ilifanywa Jumapili moja kabla ya amri ya barua, huko huko Rongai. Mhindi anasema hajui lolote, na ni kweli hajui." Wamuyu alipunguza sauti. "Inspekta amesema hivi. Kama kuna lori, liletwe. Zile koili zirudishwe ndani yake mbele ya macho yake, na liwake. Ijumaa saa sita mchana lori la kupeleka watu kambini linaondoka. Kama halijaonekana la Kipkemei, baba Mugure anapanda hilo."

Nje mtoto alikuwa akilia, mtu akimbembeleza.

"Mimi siwezi kutoka Nakuru," Wamuyu alisema. "Nikishikwa njiani tutakuwa wawili. Na hakuna Mkikuyu hapa anayeweza."

"Nitaenda mimi," Awuor alisema.

Alisema upesi mno, hata yeye mwenyewe alijisikia. Wamuyu alimtazama kidogo, kisha akaendelea kana kwamba alikuwa ametegemea jibu hilo.

"Kuna kitu kimoja usisahau. Lori likija bila taima ni bure. Ni bati la mviringo, upana wa kisahani cha chai. Pembeni lina skrubu nne, ndani kuna kagurudumu kadogo. Hiyo ndiyo inayozipa koili zamu, hii ilie, halafu hii. Baba Mugure aliitoa akaiacha huko. Sema."

"Bati la mviringo, upana wa kisahani, skrubu nne, kagurudumu ndani."

"Tena."

Usiku alipoambiwa, Dalmas hakumkataza. Alikaa kitandani akivua viatu, akasema polepole, bila kuinua macho, "Hii si vita yetu, Awuor. Ukishikwa nao, mimi sina kazi. Nisipokuwa na kazi, hatuna chumba. Umefikiria hivyo?"

"Nimefikiria."

"Na bado unaenda."

Hakuweza kumwambia kwa nini. Alisema tu kwamba Wamuyu alimshika mkono alipojifungua Joash, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Dalmas akazima taa.

Treni ya Alhamisi asubuhi ilimteremsha Rongai jua likiwa limeshapanda. Njia nzima alikuwa akirudia maneno yale kama mtoto wa katekisimu, bati la mviringo, skrubu nne. Alipita maghala ya mahindi, akauliza kwenye maduka ya Wahindi, akaonyeshwa ploti ya Kipkemei nyuma ya maduka hayo. Kipkemei alikuwa amepeleka magunia. Mkewe, Cheptanui, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alimpa maziwa na kumwacha akae kivulini bila kumuuliza maswali.

Lori lilifika saa kumi. Awuor hakuwa amewahi kulitazama lori kwa makini maishani mwake, lakini hili alilitazama. Lilikuwa na magurudumu membamba yenye spoki za mbao katikati, na karibu na usukani palikuwa na sanduku la mbao lenye vyumba vinne. Ndani ya vyumba vile Kipkemei alikuwa ameweka matambara na spana. Ukubwa wake ulikuwa ule ule wa visanduku alivyoviona uani. Moyo wake ulipata nguvu.

Nguvu hiyo haikudumu. Kipkemei, mtu mfupi, mnene wa mabega, alimsikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza, aliivaa kofia.

"Hiram ni mtu mzuri," alisema. "Nitamwombea."

"Haombi maombi, Bwana Kipkemei. Anaomba lori."

"Mama, wewe unajua leseni hii niliipata vipi? Miaka sita. Miaka sita naenda kwa D.C., narudi. Mwafrika wa kubeba mahindi ya watu hapa Rongai ni mimi peke yangu. Sasa niende niingie mwenyewe kwenye uwanja wa polisi, niseme mimi ni rafiki wa Mkikuyu aliyeshikwa na vitu vya kulipua? Wataandika jina langu. Kesho leseni haipo. Kesho kutwa labda mimi pia sipo."

"Wewe ndiye ulimpa zile koili."

"Nilimpa vyuma vikuukuu! Ningejua?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Na hiyo taima sijui iko wapi. Labda nilitupa. Lala hapa, mama, Cheptanui atakupa chakula. Asubuhi kuna basi."

Akageuka kwenda. Awuor alimfuata hatua mbili. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka:

"Ni mimi niliyemfunga."

Kipkemei alisimama.

"Ni mimi. Nilisema bombani kwamba chumbani kwake kunalia na kuna moto wa buluu. Nilisema nikicheka. Sikujua ni nani ananisikia. Polisi hawakuota, walienda moja kwa moja chini ya kitanda. Mke wake hajui. Bwana yangu hajui. Wewe ndiye mtu wa kwanza nakuambia." Alimsogelea. "Unaniambia utaandikwa jina. Mimi yule mtu akipanda lori ya kesho nitaishi ukuta mmoja na mke wake, nimsikie kila asubuhi akiamsha mtoto. Niambie mimi nifanye nini."

Kipkemei alimtazama, akatazama lori lake, akaondoka akaenda upande wa ng'ombe. Ni Cheptanui aliyemshika Awuor bega na kumwingiza jikoni. Humo alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la unga, akaondoa kitu kilichokuwa juu ya mfuniko kuzuia panya wasiufunue. Kilikuwa bati la mviringo, zito, skrubu nne pembeni.

"Ni hii?" aliuliza.

Awuor alichungulia ndani. Kagurudumu kalikuwepo, keupe kwa unga.

"Usimwambie kitu tena leo," Cheptanui alisema. "Ukimsukuma anakaza shingo. Muache."

Awuor alilala kidogo sana. Asubuhi, jua likiwa limepanda, alisikia lori likipigwa hendeli ya kuliwasha.

Awuor alipanda na taima magotini. Mara moja tu, karibu na mji, vumbi jeupe la ziwa likiwa limeanza kuonekana upande wa kusini, Kipkemei alisema, "Nimemwambia Cheptanui nisiporudi auze ng'ombe wawili aende kwa ndugu zake Kabarnet."

Walifika kituoni saa tano kasorobo. Wamuyu alikuwa nje ya seng'enge na Mugure mgongoni, na alipoliona lori aliweka mkono mdomoni. Uwanjani, lori jingine, lenye waya juu, lilikuwa tayari limeegeshwa kwa ajili ya safari ya saa sita. Wanaume kama ishirini walikuwa wamekaa kando yake kwa mistari.

Hiram aliletwa. Awuor alimtafuta usoni, kisha akaona mkono. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba hata havikunjiki, na kucha mbili hazikuwepo. Fundi alitazama taima mkononi mwa Kipkemei, akatazama mkono wake mwenyewe, akasema, "Utakuwa mikono yangu."

"Mimi sijui hiyo kazi," Kipkemei alisema.

"Nitakuambia. Anza na ile skrubu ya chini."

Inspekta alisimama hatua kumi, saa yake mkononi. Visanduku vinne vilikuwa mezani mbele yake, vimefungwa vibandiko vya karatasi. Kipkemei alilala chini ya pua ya lori, Hiram akiwa amechuchumaa kando yake, akisema kwa sauti ya chini, isiyo na haraka. Toa distributa. Usipoteze hiyo pete ya washa. Waya mwekundu kushoto. Jasho lilimtoka Kipkemei hata kofia ikalowa. Taima iliingia. Kisha wakafungua vibandiko, na Kipkemei akalazimika kuvishika vile visanduku mwenyewe, kimoja kimoja, mbele ya askari wote, na kuvipanga katika vyumba vyake. Viliingia sawasawa kama mikate kwenye tanuri.

"Naona," Inspekta alisema. "Naingia. Lakini mimi nasema iwake."

Saa ilikuwa tano na dakika thelathini na tano.

Hapo likatokea tatizo lingine. Kuna kijiti cha chuma chini ya usukani kinachochelewesha cheche au kuiwahisha. Lori likipigwa hendeli kikiwa mahali pabaya, injini hurudisha teke na kuvunja mkono wa mtu. Ilibidi mtu akishike. Inspekta hakutaka mfungwa akae kwenye usukani, na hakuna askari aliyekubali kupanda lori lenye vile vitu.

"Huyo mwanamke," Inspekta alisema.

Awuor alipanda. Hiram alimwelekeza akiwa chini. "Kisukume juu kabisa. Ukae hapo hapo. Likishika moto, nikisema, ndio ushushe polepole. Si kabla."

Kipkemei alizungusha hendeli. Kimya. Alizungusha tena. Hakuna hata zzzz moja.

"Hakuna kitu," Inspekta alisema, na akamgeukia sajini.

"Ngoja, Bwana," Hiram alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa. "Kipkemei, hii taima ilikaa wapi?"

"Jikoni. Juu ya unga."

"Fungua."

Unga ulikuwa umeganda na grisi ya zamani ukawa kama ugali mkavu, ukafunika zile skrubu nne kwa ndani. Kipkemei alipangusa kwa kitambaa chenye petroli, Hiram akimwambia hapo, na hapo, bado, hapo. Wale wanaume waliokaa kwa mistari walianza kuamriwa kusimama. Mmoja wao alikohoa mfululizo. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Sasa."

Hendeli ilizunguka, na kutoka ndani ya lile sanduku, karibu kabisa na goti la Awuor, ikalia zzzz.

"Simama! Ngoja!" Inspekta alipiga kelele kwa mshtuko. Awuor naye alishtuka, mkono wake ukavuta kijiti chini, na injini ikapiga teke. Hendeli ilirudi nyuma kwa nguvu, ikamtupa Kipkemei kando. Aliinuka ameshika kiwiko, uso umekunjamana.

"Nimemvunja!" Awuor alilia.

"Haujavunjika," Kipkemei alisema kwa meno. Alikunja mkono, akaukunjua. "Mama, shikilia hicho kitu juu. Hata Mungu mwenyewe akipiga kelele, usishushe."

Alishika hendeli kwa mkono wa kushoto. Awuor alifumba macho na kusukuma kijiti juu hata mkono ukauma. Zzzz, ikalia moja. Zzzz, ya pili. Halafu pengo. Zzzz. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikakohoa tena, na ghafla ikawaka.

"Shusha polepole!" Hiram alisema, na Awuor akashusha.

Lori lilitetemeka lote kama mtu mwenye malaria. Liliunguruma mara tatu na kuruka moja, mara tatu na kuruka moja, lakini lilikuwa limewaka. Nje ya seng'enge Wamuyu aliita jina la Mungu.

Inspekta alisogea. Alisikiliza. Alikuwa, kama alivyosema, anayajua magari.

"Moja hapana fanya kazi," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Ya tatu imekufa. Ndiyo sababu nilizitoa zote."

"Kama nakufa, kwa nini naweka chini ya kitanda?"

"Nilitaka kuona kama inaweza kufufuka."

Inspekta alizima lori mwenyewe, akainama akaangalia kile kisanduku cha tatu bila kukigusa. Awuor aliona wazo likiingia usoni mwake kama kivuli.

"Tatu ni ya lori, sawa," alisema. "Hii moja iko kimya. Ndani iko na nini?"

"Waya, Bwana. Na lami."

"Vunja."

Askari walianza kurudi nyuma kabla hajamaliza neno. Sajini alikwenda nyuma ya ukuta. Inspekta mwenyewe alipiga hatua hadi kwenye pembe ya jengo, akabakiza kichwa. Mtu alirusha nyundo mavumbini, miguuni pa Hiram.

Hiram alikitoa kisanduku kwa mkono wa kushoto, akakiweka chini juu ya jiwe. Alijaribu kukishika kwa ule mkono uliovimba ili apige kwa mwingine, kikateleza. Alijaribu kukikanyaga kwa mguu mtupu, kikateleza tena. Jasho lilimdondoka puani. Alijua hakina kitu, lakini ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu, na mwenye saa alikuwa akiitazama.

Kipkemei alikuwa karibu na hendeli. Alikuwa ameshafanya alichoombwa. Angeweza kubaki pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitazama zile bunduki, kisha akaja, akapiga magoti mavumbini, akakishika kile kisanduku kwa mikono yake yote miwili.

"Piga," alisema.

"Nitakupiga vidole. Mimi si mtu wa kushoto."

"Piga, fundi."

Awuor hakushuka kwenye lori. Baadaye aliwaza ni kwa nini hakukimbia na wengine, na hakupata jibu. Nyundo ilishuka mara ya kwanza ikapasua mbao. Ya pili ikampata Kipkemei kwenye kidole gumba, naye akanguruma lakini hakuachia. Ya tatu ikakifungua chote.

Ilimwagika lami nyeusi, iliyokauka kama mavi ya mbuzi. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizokunjwa na bati jembamba, na waya wa shaba mwembamba kama unywele, maili na maili ya waya, umejiviringisha. Hapakuwa na kitu kingine.

Inspekta alikuja. Alichokoa kwa kalamu yake. Alichukua kipande akakinusa, masikio yake yakawa mekundu.

"Lami," alisema. Akamwita sajini atoke nyuma ya ukuta. Aliandika namba ya lori, akaandika jina la Kipkemei, jina la baba yake na mahali anapoishi, akaandika na jina la Awuor. Kisha akamwambia Hiram, bila kumtazama, "Wewe, nenda nyumbani. Hii tatu nabaki hapa."

Lori lenye waya liliondoka saa sita kamili, na wale wanaume ndani yake. Hakuna aliyeuliza koili za nani zilikuwa zimewapeleka wao.

Hiram hakwenda nyumbani mara moja. Lori la Kipkemei halikuwa na koili sasa hata moja ya zamani, na lilikuwa limesimama katikati ya uwanja wa polisi. Walifanya kazi juani, mkono mmoja wa fundi na mikono miwili ya mwenye lori iliyochubuka, wakatoa taima, wakarudisha distributa na ile koili ya mkebe. Lilipowaka, liliwaka laini, silinda zote nne, na askari mmoja akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kipkemei alimshika Hiram mkono ule mzima. Akapanda, akaenda Rongai.

Awuor alivumilia siku mbili. Jumapili alimkuta Wamuyu akifua, akamwambia yote, kuanzia kwenye ndoo hadi kwenye kicheko. Wamuyu aliendelea kusugua kola ya shati.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Niliambiwa Jumanne hiyo hiyo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni alikuja kuniambia." Alikamua shati, akalitandaza kwenye kamba. "Ndiyo sababu nilikuja kwako na si kwa mwingine. Nilijua wewe huwezi kukataa."

Awuor alisimama pale na mikono yake haina kazi. Hakujua kama amesamehewa au ametumiwa, wala hakuthubutu kuuliza. Aliinama akachukua nguo moja kutoka kwenye karai akaanza kuisugua, na Wamuyu hakumzuia.

Kipkemei aliitwa kwa D.C. mara mbili mwaka huo na kuulizwa maswali mengi, lakini leseni haikuondolewa. Vidole vya Hiram vilipona, isipokuwa kimoja ambacho hakikukunjika tena sawasawa. Mwezi wa Juni ikaja amri nyingine, na yeye na Wamuyu na Mugure wakapandishwa treni pamoja na mamia wengine kurudishwa Nyeri, ambako Mugure hakuwa amewahi kufika. Awuor aliwapelekea viazi vya kuchemsha vya njiani. Chumba kilikaa wazi majuma matatu, kisha kikapewa karani wa manispaa na familia yake, watu wa kelele, ambao Awuor hakuwahi kusema habari zao bombani hata siku moja.